Tahariri: Lita moja ya mafuta endelevu ya ndege ihesabiwe mara moja tu

Tangu Januari 2025, kila abiria anayetoka Brussels kuja Kinshasa na ndege ya Brussels Airlines analipa pesa ya ziada kwa ajili ya mazingira, iliyoingizwa ndani ya bei ya tiketi. Kundi la Lufthansa, mmiliki wa kampuni hiyo, lilitangaza Juni 2024 kwamba kiasi hicho kitakuwa kati ya euro 1 na euro 72, kufuatana na safari na daraja, kwa safari zinazoondoka katika nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza, Norway na Uswisi. Air France, inayounganisha Paris na Kinshasa, ilikuwa imetangulia. Januari 2022 tiketi zake za kuondoka Ufaransa ziliwekewa mchango uliokuwa kati ya euro 1 na euro 12 wakati huo.

Sehemu ya pesa hizo inakwenda kununua mafuta endelevu ya ndege, yanayojulikana kwa kifupi SAF. Mkongomani hana njia ya kuyakwepa. Tangu mwaka 2006 kampuni za ndege zenye leseni ya DRC zimezuiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Mwanafunzi, mgonjwa anayekwenda kutibiwa, mfanyabiashara na mtu wa diaspora anayerudi kuzika mzazi wake, wote hupanda ndege za wengine na kulipa kwa masharti ya wengine. Hata anayenunua tiketi ya kwenda na kurudi akiwa Kinshasa au Lubumbashi analipia ule mguu wa kurudi kutoka Ulaya.

Kulipa kwa ajili ya hewa safi si vibaya. Lakini anayelipa ana haki ya kujua kitu kimoja: je, lita aliyoigharamia imehesabiwa mara moja, au imeandikwa katika vitabu viwili au vitatu kama kwamba ni lita mbili au tatu? Kwa namna mambo yalivyopangwa leo, hakuna ofisi hata moja duniani yenye uwezo wa kulijibu swali hilo kwa kufungua kitabu kimoja. Hilo ndilo linalopaswa kurekebishwa sasa, kabla soko hili halijakuwa kubwa.

Mafuta huchanganyika, karatasi ndiyo inayobaki

Mafuta endelevu ya ndege hutengenezwa hasa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, mafuta ya wanyama, mabaki ya mashamba, na siku hizi hata kwa haidrojeni na gesi ya kaboni kwa nguvu ya umeme. Yakiungua katika injini hutoa moshi kama mafuta ya petroli. Faida yake iko katika asili yake: kaboni inayotoka ni ile iliyokuwa tayari kwenye mimea au katika taka, si ile iliyolala chini ya ardhi.

Mafuta hayo hayaruhusiwi kutumika peke yake. Kwa kawaida huchanganywa na mafuta ya petroli, na sehemu ya SAF haiwezi kuzidi nusu. Yakishachanganywa na kupimwa, mchanganyiko wote hupewa cheti cha ubora kilekile cha mafuta ya kawaida ya ndege. Kuanzia hapo, kwa fundi, kwa rubani na kwa injini, hakuna tena mafuta endelevu na mafuta yasiyo endelevu. Kuna mafuta ya ndege tu.

Mfano mzuri ni Brussels yenyewe. Tarehe 1 Januari 2023, shehena ya kwanza ya SAF kwa ajili ya Brussels Airlines ilifika katika uwanja wa ndege wa Brussels kwa kupitia mtandao wa mabomba ya NATO wa Ulaya ya Kati. Bomba hilo hupitisha mafuta ya wateja wengi. Hakuna aliyeweza kusimama mwisho wa bomba na kuonyesha kwa kidole kwamba matone haya ndiyo ya mafuta ya kupikia na yale ni ya petroli. Kilichoonyesha ni karatasi: hati ya uendelevu, inayotaja mafuta yalitoka kwa malighafi gani, kiwanda gani, shehena gani, na yanapunguza gesi kwa kiasi gani.

Kwa hiyo anayenunua SAF ananunua vitu viwili. Kimoja ni mafuta yanayoingia kwenye tangi. Kingine ni hati, na hati ndiyo yenye thamani ya ziada. Shirika la usalama wa anga la Ulaya, EASA, lilikadiria kwamba mwaka 2024 tani moja ya mafuta ya kawaida ilikuwa na bei ya euro 730 hivi, na tani moja ya mafuta ya ndege yatokanayo na malighafi hai ilizidi euro 2,000. Tofauti hiyo, zaidi ya euro 1,200 kwa kila tani, hailipwi kwa sababu injini inaenda vizuri zaidi. Inalipwa kwa sababu ya karatasi.

Karatasi ya namna hiyo ikiweza kunakiliwa, kutumwa kwa wanunuzi wawili, au kuonyeshwa kwa serikali mbili, ni wazi kwamba kuna mtu siku moja atajaribu. Kadhafi wa Butembo au wa Kisangani hawezi kuuza bidoni moja kwa wateja wawili. Wa kwanza akiondoka nayo, wa pili ataona mahali patupu. Hati haiachi mahali patupu.

Vitabu vinne, vipimo vinne

Ugumu unaanza hapa. Dunia haina daftari moja la mafuta haya. Ina mengi, na manne yana uzito kuliko mengine.

La kwanza ni la Umoja wa Ulaya. Sheria yake ya ReFuelEU inawalazimisha wauza mafuta wafikishe asilimia 2 ya SAF mwaka 2025, asilimia 6 mwaka 2030, na hatimaye asilimia 70 mwaka 2050. Mafuta yatokanayo na mazao ya chakula au ya lishe ya mifugo hayakubaliwi. Mafuta ya malighafi hai kutoka kiwanda kilichoanza kazi tangu 2021 lazima yapunguze gesi kwa asilimia 65 au zaidi, yakilinganishwa na kipimo cha gramu 94 za kaboni kwa kila megajuli ya nishati. Shehena huandikwa katika hifadhidata ya Umoja huo iliyofunguliwa mwaka 2024, na umma hauwezi kuisoma.

La pili ni la Uingereza. Nako lazima ilianza Januari 2025 kwa asilimia 2, ikipanda hadi asilimia 10 mwaka 2030 na asilimia 22 mwaka 2040. Muuza mafuta hupewa vyeti vinavyouzika, na mafuta yanayopunguza gesi zaidi hupata vyeti vingi zaidi. Kiwango cha chini cha kupunguza ni asilimia 40 tu, na kipimo cha kulinganisha ni gramu 89. Asiyefikisha lengo hulipa paundi 4.70 kwa kila lita inayokosekana.

La tatu ni la Marekani. Huko kila galoni ya mafuta yanayokubaliwa huzaa namba za tarakimu 38 ziitwazo RIN. Galoni moja ya SAF iliyotengenezwa kwa mafuta ya kupikia au ya wanyama huhesabiwa kama RIN 1.6. Jimbo la California nalo hutoa pointi zake juu ya hizo.

La nne ni la dunia nzima: CORSIA, mpango wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, OACI. Huo hauhesabu lita wala galoni. Unahesabu tani za kaboni ambazo kampuni ya ndege inaruhusiwa kuziondoa katika deni lake. Kiwango chake cha chini ni asilimia 10 tu chini ya gramu 89, na mafuta ya mazao ya chakula yanakubaliwa, ila yanaongezewa adhabu ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi.

Tuchukue mfano rahisi wa shehena yenye gramu 45 kwa kila megajuli. Kwa hesabu ya CORSIA imepita, maana mpaka ni gramu 80. Kwa Uingereza imepita, maana mpaka ni gramu 53 hivi. Kwa Ulaya, kama kiwanda ni kipya, imeanguka, maana mpaka ni gramu 33. Na hapo tumechukulia kwamba wote watatu wanapima kwa njia moja, jambo ambalo si kweli. Mafuta ni yaleyale na tangi ni lilelile, lakini mahali pamoja yanaitwa endelevu na mahali pengine hayaitwi.

Kutofautiana kwa sheria peke yake si kosa. Kila nchi ina haki ya kuweka kiwango chake. Tatizo ni kwamba madaftari haya hayasomani. Moja linaandika kwa tani, lingine kwa megajuli, lingine kwa galoni, lingine kwa kaboni. Moja linafungwa kila mwaka, lingine kila baada ya miaka mitatu. Kiwanda kimoja kinaweza kuwa na cheti cha mfumo wa Ulaya na cha CORSIA kwa pamoja, na hilo ni halali kabisa. Kinachokosekana ni daraja la kuonyesha kwamba shehena fulani ikishatumika huku, imefutwa kule.

Kudai mara mbili: halali na haramu

Ni lazima kusema ukweli wote. Si kila mara lita moja inapotajwa mara mbili kuna wizi. Muuza mafuta wa Uingereza hupata vyeti kwa kutimiza lazima ya sheria, na kampuni ya ndege iliyonunua mafuta hayo hupunguza deni lake katika soko la kaboni. Serikali imepanga hivyo kwa makusudi: mmoja anapimwa kwa alichouza, mwingine kwa alichochoma. Vilevile, kampuni ya ndege na benki inayowalipia wafanyakazi wake tiketi zinaweza zote mbili kutaja upungufu uleule wa gesi, kila moja katika safu yake. Mhasibu anajua kutofautisha safu hizo.

Haramu inaanza pale watu wawili wanapodai nafasi ileile katika safu ileile: kampuni mbili za ndege kwa shehena moja, au kampuni moja kwa shehena moja katika masoko mawili ya kaboni. Sheria zinakataza. Kifungu cha 9 cha ReFuelEU kinasema kampuni haiwezi kudai faida ya shehena ileile katika zaidi ya mpango mmoja wa gesi chafu. CORSIA nayo inaitaka kampuni itaje mipango mingine inayoshiriki na itamke kwamba haijadai shehena hiyo mahali pengine.

Neno kubwa hapo ni "itamke". Ulinzi mkuu dhidi ya kudai mara mbili kati ya mpango na mpango ni tamko la mwenye kudai, pamoja na mkaguzi anayelipwa na huyo mwenye kudai. Mkaguzi huyo anaona karatasi za mteja wake. Hana mlango wa kuingia katika daftari la nchi nyingine na kuuliza: namba hii, je, kuna mwingine aliyeitaja?

Tuitazame njia ya Brussels–Kinshasa. DRC ni kati ya nchi zilizojiunga na CORSIA kwa hiari tangu mwaka 2021, pamoja na Rwanda, Uganda na Kenya. Ubelgiji nayo imo. Kwa hiyo safari kati ya Brussels na Kinshasa iko chini ya CORSIA, wakati safari ya Brussels–Roma iko chini ya soko la kaboni la Ulaya. Ndege zote mbili hujazwa mafuta katika uwanja mmoja, kutoka tangi moja. Hesabu ya soko la Ulaya hutolewa kila mwaka kabla ya tarehe 31 Machi. Hesabu ya CORSIA ya miaka 2024 hadi 2026 itafungwa tarehe 31 Januari 2028. Katikati kuna nafasi ndefu ambamo shehena iliyokwisha kudaiwa upande mmoja inaweza kutokea tena upande wa pili, kwa makusudi au kwa uzembe wa karani.

Huo ni mfano wa kuonyesha mlango, si tuhuma kwa kampuni yoyote. Tena kwa kampuni ya Ulaya hatari ni ndogo, kwa kuwa mamlaka ya nchi yake huona vitabu vyote viwili. Hatari inakua pale kampuni ya bara lingine inaponunua mafuta Ulaya, ikidai huko kwa safari zake za huko, kisha ikatoa ripoti ya CORSIA kwa serikali yake yenyewe. Inakua zaidi pale hati inapotenganishwa kabisa na mafuta, ili kampuni ya Afrika au Asia inunue hati huku mafuta yakichomwa Los Angeles. Njia hiyo ina faida: inaokoa gharama ya kusafirisha mafuta kuvuka bahari. Lakini ndiyo njia inayohitaji daftari kali kuliko zote, kwa sababu mnunuzi haoni hata gari la mafuta.

Somo linajulikana katika eneo hili

Wakongomani hawahitaji kwenda Ulaya kujifunza jinsi hati nzuri zinavyoweza kufunika hesabu mbaya. Mfumo wa Kimberley ulianza mwaka 2003 ili kila almasi ghafi isafiri na cheti. Julai 2004, jirani wa ngambo ya mto, Congo-Brazzaville, alifukuzwa katika mfumo huo. Hakufukuzwa kwa sababu hakuwa na vyeti. Almasi alizouza nje zilizidi sana kile ambacho ardhi yake ingeweza kutoa, na hakuweza kueleza zilitoka wapi. Alirudishwa mwaka 2007. Kilichofichua jambo lile hakikuwa kukagua mihuri. Ni kuweka hesabu ya uchimbaji kando ya hesabu ya mauzo na kuona kwamba hazilingani.

Watu wa Kivu nao wanajua habari ya mifuko ya koltani na lebo zake. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba lebo za mfumo wa ITSCI zilifungwa kwenye madini yaliyotoka migodi isiyoruhusiwa. Waendeshaji wa mfumo walikanusha. Bila kuingia katika ugomvi huo, jambo moja liko wazi: lebo inathibitisha tu kwamba mtu fulani ameifunga. Ukweli wa lebo unatokana na mtu mwingine, asiye na faida ndani yake, kulinganisha mfuko na mgodi.

Hata Marekani, nchi ya sheria kali, iliumia. Mfanyabiashara mmoja wa jimbo la Maryland aliuza namba za RIN zaidi ya milioni 32 kwa mafuta ya dizeli ya mimea ambayo hakuwahi kuyatengeneza, akapata dola milioni 9 hivi. Alitiwa hatiani mwaka 2012, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 12. Namba zilikuwa na tarakimu zake zote 38. Wanunuzi, yakiwemo makampuni makubwa ya mafuta, walizikubali kwa sababu zilionekana sawa. Baada ya hapo Marekani iliweka mpango wa ukaguzi wa kujitegemea. Wakati huo wizi ulikuwa ndani ya mfumo mmoja wa nchi moja. Mifumo minne isiyosomana ina mianya mingi zaidi.

Kwa nini Kinshasa ijali

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri. DRC inachoma mafuta kidogo ya ndege, na wananchi wengi hawatapanda ndege maishani. Hoja hiyo inaeleweka, lakini ina makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la pesa. Wakongomani wanalipa tayari, na bei itapanda kadiri asilimia za Ulaya zinavyopanda kutoka 2 hadi 6 na kuendelea. Anayelipia lita iliyouzwa mara mbili ameibiwa, awe Mbelgiji au Mkongomani. Tofauti ni kwamba Mbelgiji ana bunge na chama cha watumiaji karibu na ofisi inayoshika daftari.

Kosa la pili ni la kilimo na kazi. Afrika imekwisha kuingia katika mnyororo huu. Mwaka 2022 kampuni ya Italia, Eni, ilifungua huko Makueni, Kenya, kituo cha kukamua mbegu za nyonyo, croton na pamba, na mafuta yake yakapelekwa kiwanda cha Gela, Sicily. Mei 2023 Kenya Airways ilirusha ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na sehemu ya mafuta endelevu yaliyotolewa na kampuni hiyohiyo. Kesho maombi ya namna hiyo yatakuja katika majimbo ya DRC. Mkulima atakayekubali anapaswa kujua mapema kwamba mawese, kwa kuwa ni zao la chakula, yanakataliwa katika lazima ya Ulaya na ya Uingereza hata kama CORSIA inaweza kuyapokea, wakati mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika katika mikahawa ya Kinshasa yanakubaliwa kote. Asiyejua daftari gani linakubali nini atapanda zao ambalo mnunuzi atalikataa, au atauza kwa bei ya mbegu kitu ambacho thamani yake kubwa iko kwenye hati.

Na hati ikikosa kuaminika, wa kwanza kuumia ni mzalishaji mdogo wa mbali. Tayari Ulaya kuna mashaka juu ya mafuta ya kupikia yanayoingizwa kutoka Asia, kwamba huenda mengine ni mawese mapya yaliyobadilishwa jina. Mashaka yakizidi, jibu la haraka la wanunuzi ni kufunga mlango kwa wote wa nje, wakweli na waongo pamoja.

Kosa la tatu ni la hali ya hewa yenyewe. Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 400 huko Kalehe, Kivu ya Kusini, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Hakuna anayeweza kusema tani fulani ya kaboni ndiyo iliyoleta mvua ile. Lakini dunia yenye joto zaidi huleta mvua kubwa zaidi, na tani iliyopunguzwa kwenye karatasi tu inabaki angani. Nchi zisizo na kinga ndizo zinazolipa gharama ya hesabu za uongo.

Kinachotakiwa kufanywa

Wenye viwanda na makampuni ya ndege hutoa hoja nzito ya kupinga masharti mapya. Soko bado ni changa: kwa makadirio ya IATA, mwaka 2024 dunia nzima ilitengeneza tani milioni moja tu za SAF, sawa na asilimia 0.3 ya mafuta yote ya ndege. Wanasema ukiongeza makaratasi sasa utaua mtoto kabla hajatembea. Ni kweli kwamba makaratasi yamekuwa mengi. Kampuni inayoruka katika mabara matatu hujaza fomu za habari zilezile kwa namna tatu tofauti. Lakini hilo ndilo linalodai daftari moja. Kulinganisha vitabu kwa pamoja kungepunguza kazi ya mkweli na kuongeza ugumu kwa mdanganyifu. Na wakati wa kufanya hivyo ni sasa, shehena zikiwa chache, si zitakapokuwa maelfu kwa siku.

Hatua zenyewe hazina siri. Kwanza, kila shehena ya SAF ipewe namba moja ya kudumu pale inapochanganywa na mafuta ya petroli, na namba hiyo iandikwe katika kila mpango, iwe Ulaya, Uingereza, Marekani au OACI. Shehena ikigawanywa, namba za watoto zitaje namba ya mama.

Pili, kufutwa kwa hati kuonekane na wote. Marekani tayari inamlazimisha anayepeleka mafuta nje ya nchi kuzifuta RIN zake. Kanuni hiyo ni nzuri, ila aliye upande wa pili wa bahari hana njia rahisi ya kuona kwamba imefanyika. Mkaguzi wa Nairobi, Kinshasa au Madrid aweze kuingiza namba na kupata jibu la neno moja: imetumika au haijatumika. Bei na jina la mnunuzi vinaweza kubaki siri ya biashara. Namba, uzito na hali ya hati visiwe siri.

Tatu, kuwe na jedwali moja la kugeuza vipimo, lililokubaliwa na wote, kutoka galoni hadi tani, megajuli na kaboni. Makosa mengi ya hesabu hayatokani na wizi bali na karani aliyechukua uzito wa mchanganyiko mzima badala ya uzito wa SAF peke yake.

Nne, daftari jipya lililozinduliwa Aprili 2025 na shirika la CADO, kwa msukumo wa IATA, lisiachwe kuwa kitabu cha tano kinachosimama peke yake. Kujiunga nalo ni hiari. Lina maana tu likiunganishwa na hifadhidata ya Umoja wa Ulaya na daftari kuu la CORSIA. Serikali ndizo zenye uwezo wa kuamuru muungano huo. Makampuni peke yao hayawezi.

Kwa upande wa DRC, mamlaka ya anga, AAC, na Wizara ya Uchukuzi zina mambo mawili ya kufanya bila kungoja mtu. La kwanza ni kuyataka makampuni yanayouza tiketi Kinshasa, Lubumbashi na Goma yaeleze kwa maandishi, mara moja kwa mwaka, pesa ya mazingira iliyokusanywa katika njia za Congo ilinunua tani ngapi za SAF, kwa namba za shehena zipi, na zilidaiwa katika mpango upi. Kampuni yenye vitabu safi haitashindwa kujibu. La pili ni kupeleka hoja ya namba moja ya shehena katika vikao vya OACI, kwa sauti moja na nchi za Afrika zilizojiunga na CORSIA mapema. Nchi hizo zilijiunga kwa hiari wakati mataifa makubwa kama China na India yalibaki nje ya awamu za hiari. Zina haki ya kuuliza mpango zilioutegemea unahesabuje.

Muda upo, lakini si mwingi. Tume ya Ulaya ilipewa hadi tarehe 1 Julai 2026 kutathmini kama CORSIA inatosha, la sivyo soko la kaboni la Ulaya lipendekezwe kupanuliwa kwa safari zote zinazoondoka bara hilo, zikiwemo za kuja Kinshasa. Siku mipango miwili itakapogombania njia moja ya anga, swali la nani amedai nini halitakuwa tena la wahasibu peke yao.

Abiria wa Kinshasa hakuombwa maoni yake kabla ya kulipishwa. Kiwango cha chini kabisa anachodaiwa ni risiti ya kweli: lita moja, namba moja, mara moja.